Picha Zilitoka Vizuri, Nikasema Zimeharibika

Kibiti, 20 Agosti 2024

Mpendwa mshauri Bi Faudhia,

Naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke mpaka uimalize barua, maana hata mimi nikijisimulia peke yangu naona aibu. Majina ya watu niliyoandika humu nimeyabadilisha, langu pia, isipokuwa la marehemu mke wangu. Hilo nilijaribu kulibadilisha nikashindwa.

Nina miaka arobaini na mbili, ni mpiga picha, nina studio ya chumba kimoja hapa Kibiti, niite Sadala. Mke wangu Mwanawetu alifariki mwezi wa sita mwaka jana kwa maradhi ya figo, na kabla ya hapo tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja, mimi nikishika kamera na yeye akishika watu. Nina maana hii: huku kwetu mzazi hakubali binti yake apigwe picha chumbani na mwanamume, hata mlango ukiwa wazi na barabara nzima inaona, lakini kwa kuwa Mwanawetu alikuwepo walikuja hata mabibi harusi wa Mbwara na wa visiwa vya delta, yeye ndiye aliyewanyooshea ushungi, aliyewainua kidevu, aliyewafuta jasho la puani, na pini alikuwa anazichomeka kwenye mkono wa baibui lake zikajipanga kama meno, mpaka leo nikifagia chini ya pazia naokota pini. Mimi nilikuwa nasema tu, "Bibie, kidogo kulia," naye anamgeuza mtu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumgusa mteja hata ukucha, na wala sikuwa najizuia, jambo lenyewe halikuwepo kichwani.

Baada ya msiba nilifunga studio siku arobaini. Niliporudi wateja wa kike walikuwa wamepungua, na watu wakanishauri niweke mwanamke mwingine wa kusaidia, nikakataa, nikaona nitakuwa nimempa mtu mahali pake.

Aliyenishika mkono ni Bi Zuena, ana duka la kushona na kuuza madera na abaya, anatangaza nguo zake kwenye simu na kila baada ya wiki mbili anataka picha mpya. Akaniletea modo wa kuzivaa, Muzdalifa, ana miaka ishirini na minane, aliolewa akaachika, ana mtoto mmoja, anakaa Nyamwage kwa mama yake, asubuhi anapanda gari anakuja na jioni anarudi. Mama yake mwanzo alikataa, halafu aliposikia mpiga picha ni mimi akasema, "Yule kafiwa juzi. Yule macho yake yako kaburini. Nenda." Maneno hayo Muzdalifa mwenyewe alinihadithia akicheka, na mimi nikacheka, lakini hayajanitoka.

Bi Faudhia, huyu dada anaijua kazi. Anasimama hapepesi macho, anajua nguo inaanguka wapi, ukimwambia mara moja humwambii mara ya pili. Mwezi wa tano siku moja ushungi ulimlalia upande, nami jicho likiwa kwenye kamera nikasema bila kufikiri, "Mwanawetu, mnyooshee." Muzdalifa hakuniuliza kitu. Akaunyoosha mwenyewe, akasema, "Tayari, kaka." Tangu siku hiyo nikawa namtazama hata kamera ikiwa mezani.

Nikaanza kusema maneno ambayo hayamo kwenye kazi. Mimi maneno yangu ya kazi ni machache, kidevu juu, bega chini, basi. Nikaanza kusema, "Hapo hapo, wallahi umependeza." Akanijibu, "Limependeza dera, kaka Sadala. Mimi nimelivaa tu." Nikasema na aliyelivaa pia. Akatazama ukutani, akauliza, "Ya ngapi hii? Zimebaki ngapi?"

Sasa kosa lenyewe. Mwezi wa saba alimaliza nguo kumi na mbili kwa siku moja, picha zikatoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na usiku sikulala nikihesabu kwamba mpaka nimwone tena ni wiki mbili, kwa hiyo kulipokucha nikampigia Bi Zuena nikamwambia memori kadi imeharibika, picha zote zimepotea, modo arudi. Akarudi, tukapiga upya. Mwanzoni mwa mwezi huu nikafanya hivyo tena. Na wiki iliyopita mara ya tatu, na mara hii alikuja amechoka, mtoto amemwacha na homa, akaniambia, "Kaka, kadi yako inameza kuliko kambare. Leo nakuomba tumalize mapema, mwanangu anaumwa." Tulimaliza saa kumi. Ningeweza kumaliza saa sita.

Jumamosi Bi Zuena akaja studio, hakukaa hata kwenye kiti.

"Sadala, huyu msichana namwacha. Kila akija yeye kazi haiishi. Labda anatikisika, labda hana nyota, sijui. Nimepata mwingine Ikwiriri, tarehe ishirini na tisa anaanza."

Nikamwambia, "Si kosa lake, Bi Zuena, ni kadi."

"Kadi hiyo hiyo mbona mabibi harusi inawatoa? Basi mpelekee Dulla aitazame, afufue hizo picha. Nguo za Maulidi zinaningoja."

Dulla ni fundi simu, kibanda chake kimepakana na changu, na Dulla ana mdomo. Jioni ile ile, Bi Zuena akiwa ameshamdokeza, akanipitia mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, akasema, "Lete mgonjwa tumpasue, Bwana Sadala! Kadi gani hii inaugua akija mtoto wa Nyamwage tu? Hiyo haitaki fundi, inataka shehe aisomee!" Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga kahawa. Mimi pia nilicheka. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati langu, nzima, picha zote zimo.

Muzdalifa bado hajajua kama ameachwa. Anajua tarehe ishirini na tisa ni zamu yake kama kawaida.

Ninalokuuliza ni hili. Nimewaza kutuma posa Nyamwage. Nimeshazungumza na mzee mmoja, Mzee Fikirini, amekubali kuwa mshenga. Nia yangu ni ya halali, sijamgusa, sijamtumia ujumbe mbaya. Nikimwoa ataacha hiyo kazi ya kusimamasimama mwenyewe, na habari ya kadi itakufa, maana nani atamwuliza mume kwa nini alimwita mkewe mara mbilimbili? Au nimweleze yeye kwanza moyo wangu, halafu ndiyo nimweleze ya kadi? Au niivunje kadi nimpelekee Dulla vipande, yaishe? Nikifikiria hilo la mwisho namwona Mwanawetu akinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikisahau kumrudishia mteja picha yake, hasemi, anangoja.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, kama jambo haliwezi kungoja gazeti. Nakuomba unapoinua mikono kuomba dua, umkumbuke Mwanawetu binti Muhidini, na mimi pia ukiweza.

Wako,
Sadala

*

Kaka Sadala,

Mungu amrehemu Mwanawetu. Nimemwombea kabla sijashika kalamu. Sasa tuzungumze habari zako.

Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatatu. Wasomaji wengine watalisoma Ijumaa. Ulisema majina umeyabadilisha, lakini jina la marehemu umeliacha, na Kibiti mnajuana. Kwa hiyo jua kuwa una siku chache za kulisema jambo lako kwa mdomo wako, kabla watu hawajalisoma kwa kalamu yangu.

Kupenda hujakosea. Mgane wa mwaka mmoja na zaidi akimpenda mwanamke asiye na mume, hakuna kadhi atakayemwita. Usijipige kwa hilo, na usidhani umemsaliti aliyelala. Umekosea mahali pengine, na hapo kwenye barua umepapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Umemtoa mwanamke kwao, akaacha mtoto mwenye homa, akavuka daraja la mto, akavaa nguo kumi na mbili zile zile chini ya taa, kwa sababu wewe ulitaka kumtazama. Yeye alidhani yuko kazini. Mara tatu, kaka! Ya kwanza ningesema upweke. Ya pili na ya tatu ni wewe.

Wala usiniambie hukujua anaonaje. Alikujibu limependeza dera. Akauliza zimebaki ngapi. Mwanamke anayetegemea kazi hawezi kukuambia "nyamaza", anakuambia hivyo hivyo, kwa adabu, akitazama ukuta. Ulisikia vizuri sana, ndiyo maana unakumbuka kila neno.

Jambo moja nadhani hulioni kwa kuwa umelizoea. Wewe ndiye unayesema picha imetoka au haikutoka, na hakuna wa kukubishia. Kwa neno lako mtu anaitwa tena au anaachwa. Mwenye neno kama hilo hamtongozi anayelitegemea, hata awe mpole kama wewe, hata nia yake iwe ya msikitini. Sijali hukumgusa. Umegusa riziki yake.

Hiyo posa iweke kando. Ukiipeleka leo itamkuta ameachwa kazi kwa uongo wako, hajui, na atakuona wewe ndiye mkombozi. Akikubali, utakuwa umemwoa kwa shida uliyomtengenezea mwenyewe. Tena "ataacha kazi mwenyewe", nani kakuambia? Umemwuliza? Umeniandikia kurasa nne na hakuna mahali ulipomwuliza Muzdalifa kitu chochote isipokuwa kugeuka.

Na nyundo irudishe ilipotoka. Ukiivunja kadi, uongo wako utapata ushahidi, na yule dada atabaki na sifa ya kutokuwa na nyota kwa kila duka kuanzia Kibiti mpaka Lindi.

Utakwenda kwa Bi Zuena. Si kwa simu. Utampa kadi mkononi na utasema: picha zote zimo, hazikupotea hata siku moja, nilidanganya mimi, Muzdalifa hana kosa. Atakuuliza kwa nini. Mwambie, nilitaka arudi. Basi, ukomee hapo. Usimletee habari za msiba, usimfanye marehemu kuwa wakili wako. Atafoka, na wewe utasimama usikilize. Huenda akakuondolea kazi akampa mpiga picha mwingine. Ni sawa. Kama lazima mmoja apoteze, awe aliyekosa. Mwombe neno moja tu, kwamba modo wake abaki.

Halafu Muzdalifa. Usimwite studio! Mfuate Nyamwage mchana, mama yake akiwepo, useme lile lile ulilomwambia Bi Zuena, umwombe radhi kwa zile safari tatu, na nauli zake umrudishie. Siku hiyo usitaje moyo wako hata kwa fumbo. Ukimwomba radhi na kumposa kwa pumzi moja, hataweza kukukasirikia sawasawa, na ana haki ya kukukasirikia sawasawa. Mama mtu naye akikufukuza uani, chukua viatu vyako uondoke kwa heshima.

Tafuta pia mwanamke mtu mzima wa kukusaidia pale studio, umlipe. Unasema utakuwa umempa mtu mahali pa mkeo. Kaka yangu, mahali pa mke ni nyumbani kwako na moyoni mwako, hapo hakuna anayekusukuma. Pale studio ilikuwa kazi, na aliifanya vizuri kiasi kwamba watu wa visiwani walikukabidhi mabinti zao. Walikuwa wanamwamini yeye, wewe ulikuwa ndani ya uaminifu wake. Kuiacha kazi ile bila mtu umeona ilikokufikisha.

Mapenzi yako yangoje. Maulidi yapite, na miezi mingine mitatu juu yake. Kama bado unamtaka, na yeye ana kazi ambayo haitegemei neno lako, mtume Mzee Fikirini kwa mama yake kwa njia inayojulikana, na aseme wazi kuwa wakikataa hakuna kitakachobadilika. Wakikataa, isibadilike kweli. Na kama watakubali, watakukubali wakijua kila kitu, nawe utalala usingizi.

Ningeweza kukuambia pole na kuishia hapo, maana barua yako ni ya mtu mwema. Lakini mtu mwema ndiye huyu huyu aliyekuwa na kadi mfukoni akicheka na watu wa benchi, huku mwenzake anaitwa mkosi.

Yule wa Ikwiriri anaanza Alhamisi. Maduka ya nguo yanafunguliwa saa mbili asubuhi. Jumatano saa mbili kasoro uwe mlangoni kwa Bi Zuena.

Bi Faudhia