Bakuli la Senene, Ihembe

Jumapili, 15 Novemba 1953
Nimefika Ihembe. Nalala kwa Rwezaura, mkulima wa kahawa. Gazeti linataka habari za mavuno.

Nina kitabu cha Kiingereza, nimeazimwa Bukoba. Mpishi mmoja mnene anafichua wauaji huku akikanda unga. Padri kafa kwa keki ya ndimu. Maiti ukurasa wa nne — na mimi natamani keki! Nimeandika habari za vifo vingi. Hakuna kilichowahi kunitia njaa. Ujanja uko hapo: marehemu hana wa kumlilia, jiko haliachi kunukia, na mwisho wote wanakaa mezani. Uongo mtupu. Siwezi kukiweka chini.

Jioni nimewasimulia wenyeji wangu. Adelgunda, mke wa Rwezaura, alisikiliza kutoka jikoni. Akauliza: huyo mpishi alionja keki? Nikamwambia mpishi huonja daima. Mama mkwe wake, Kokwijuka, akaguna: huko kwao, labda.

Jumatatu, 16 Novemba
Senene wameanguka! Alfajiri kijiji kizima majanini. Adelgunda karudi na kikapu pomoni, kakaa kuwanyonyoa panzi hao mbawa na miguu. Hapa senene ni chakula cha wanaume. Mwanamke huokota, hukaanga, hupeleka mezani. Hatii mdomoni.

Kokwijuka kasimama kando ya chungu. Punguza chumvi, asema, mwaka jana ilizidi. Nimeondoka kwenda Kanoni kabla hawajaiva. Nimesikitika kuliko inavyofaa.

Jumatano, 18 Novemba
Nimerudi. Rwezaura yuko kitandani, anatapika, hasemi. Alianza usiku ule ule wa senene. Alikula peke yake.

Shikamoo yangu Kokwijuka hakuijibu. Anazunguka uani akisema kwa sauti ya majirani: mke amepika, mume amelala, mke mzima kama jiwe! Nimemwuliza, kabla ya kula Rwezaura alikuwa wapi? Kijiji cha Ndama, kwenye lubisi, pombe ya ndizi. Kwa nani? Kila mtu anatazama migomba. Hilo silipendi.

Ndugu wa mume wamekwisha sema: ikithibitika Adelgunda kamtilia sumu, arudi kwao Muleba, watoto wawili wabaki. Kesho kutwa baraza.

Hakuna jirani anayekula hapa. Nami nimesema nimeshiba. Nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 19 Novemba
Kitabu kinafundisha: tafuta asiyekula. Asiyekula ni Adelgunda. Lakini kwa mila hii, nusu ya kijiji hawakula. Kitabu hakifai.

Kisha nikaliona bakuli alilopakuliwa Rwezaura, limetundikwa ukutani. Dogo. Nikakumbuka kikapu. Senene hupungua wakikaangwa, ndiyo — si kiasi hicho. Nikamwuliza Adelgunda: wengine walikwenda wapi?

“Nilionja chumvi, bwana mwandishi.”

“Kiasi gani?”

“Mpaka ikatosha.”

Hakucheka. Nami sikucheka. Kila msimu, asema, tangu aolewe. Na Jumatatu pia, kutoka chungu kile kile cha mumewe. Akauliza kitabu kiliishaje. Nimemaliza jana: mtuhumiwa aliokolewa na mtu aliyekula keki ile ile akaamka mzima.

“Walimfanya nini huyo aliyekula?”

Walimpa chai, nikasema.

“Mimi watanipa nini?”

Akinyamaza, ni mtia sumu. Akisema, ni mke aliyekula senene. Kwa vyote viwili mtu hurudishwa kwao.

Jambo jingine linaniwasha. Kokwijuka — chumvi ya mwaka jana aliijuaje?

Ijumaa, 20 Novemba
Naandika hapa hapa barazani. Mkungu Novatus, mkuu wa kijiji, kwenye kiti. Wanaume mbele, wanawake mikekani nyuma. Rwezaura leo kanywa uji, bado hasemi.

Novatus kauliza: ulitia nini chunguni?

Adelgunda kapiga magoti. “Chumvi, waitu, bwana wangu. Na mimi mwenyewe nilikula. Konzi mbili. Niko hapa mzima.”

Kelele! Sumu waliipokea kimya, hili limewainua. Mdogo wa Rwezaura anapiga kelele, afadhali ungekuwa mchawi! Mwingine: ndiyo maana ndugu yangu amekonda! Wamecheka kidogo, kisha wakakumbuka kukasirika.

Novatus kanyosha mkono. Mwanamke anayevunja mwiko atashindwa kusema uongo? Nani alimwona akila?

Mimi nilikuwa Kanoni. Sina thamani hapa. Jikoni walikuwa wawili tu. Namtazama Kokwijuka. Tangu asubuhi ndiye anayedai mkamwana afukuzwe. Sasa kainamisha kichwa. Anasugua midomo kwa ukucha, kama mtu aliyenaswa na kitu menoni.

Adelgunda hamtazami. Anaangalia chini tu.

Kokwijuka kashika fimbo. Anaiegemea tu, au? Hapana, anainuka.

“Mama, kaa,” asema Novatus. “Hatujakuita.”

Hakai. “Chumvi mwaka huu ilitosha,” asema.