Mzinga Unaokwenda Dar

Shikamoo Babu, mume mwenzangu,

Mimi mzima, tena maarufu. Hapa Singida mjini kuna maonyesho ya sanaa za kisasa, nikaingia kifua mbele. Katikati ya ukumbi mzinga wa nyuki umesimamishwa wima kama nguzo! Nikamwambia mchongaji, "Ndugu, nyuki hawaingii hivyo."

Akafoka, "Mshamba wewe! Hili ni Taifa Linaloamka!" Kumbe anawahofia waamuzi, wanakuja kuchagua kazi moja tu ya kupelekwa Dar.

Nikamhurumia. Alipokwenda kuwapokea mlangoni, nikaulaza mzinga juu ya viti, mdomo dirishani, nikaupaka ile nta ya Itigi ya kuvutia nyuki niliyokuja nayo, kama ulivyonifundisha. Waamuzi wakauzunguka wakinusa. Mkubwa wao akasema, "Taifa limejinyoosha kidogo baada ya kulima shamba la ujamaa! Hata jasho lake linanukia!" Wakauchagua huohuo. Mchongaji akanikumbatia huku akinifinya sikio.

Unasafirishwa kesho, na nyuki wameshaanza kuingia. Nimenyamaza, nisije nikaitwa mshamba tena.

Mtunze Bibi vizuri, lakini asikuzoee sana, mumewe kijana bado yupo.

Mjukuu wako, mtaalamu