Apolinari Rwezaura wa Pugu, Aliyeipa Kila Spika Amplifaya Yake

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tulipokuzika. Tunaandika haya kwako, na kwa wale waliolijua jina lako kwa kuambiwa tu, au waliowahi kukaa mbele ya makabati yako ya spika bila kujua yalivyofika pale.

Ulitoka Bukoba ukiwa kijana, ukasomea elektroniki, ukaajiriwa kuwa fundi mitambo wa redio, ukaifanya kazi hiyo mpaka ukastaafu. Ya kazini hukupenda kuyasimulia. Ulipostaafu ulikigeuza chumba cha uani kuwa karakana, ukaanza shughuli ambayo mtaa haukuielewa. Watu walidhani unatengeneza muziki wa harusi. Walikuja kuuliza habari za kukodi, ukawajibu kwa upole kwamba huo haukodishwi, na pia hauna kelele za kutosha harusi.

Sisi wenyewe tulichelewa kuelewa. Ulitueleza siku moja mezani, ukipanga sahani. Redio ya kawaida, ulisema, ina amplifaya moja, nayo inabebeshwa kila kitu: ngoma, mwimbaji na kengele. Ngoma ikinyanyuka, inamkanyaga mwimbaji. Wewe uliugawa muziki mapema, ungali namba tu ndani ya mtambo wa kidijitali. Sauti nene ikaenda kwake, ya kati kwake, nyembamba kwake. Kila moja ikapata kiboksi chake cha kuzigeuza namba kuwa sauti, amplifaya yake na spika yake. Zikakutane tena hewani, ulisema, kwenye sikio la mtu aliyekaa.

Umeme wa ukutani hukuuamini. Uliuita mchafu. Friji likiwaka, pasi ikichomekwa kwa jirani, vyote vilipita kwenye waya na kutokea kwenye spika. Kwa hiyo transfoma ulizizungushia waya mwenyewe kwa mkono, ukazitenga mbali na vile viboksi, na viboksi vyenyewe ukavilisha kwa betri. Mama alilalamika kwamba nyumbani kwake betri zina chumba na wageni hawana. Ulimwambia betri huvuja tindikali, wageni huwa hawavuji.

Ulivaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Januari. Chai ulimiminiwa ya moto, ukainywa imepoa. Bi Mwamvita wa nyumba ya pili alikuletea redio yake ya kusikilizia mawaidha ikiwa imekufa kabisa. Ukairudisha inaongea, ukakataa hata soda. Ulipoombwa kusema kwenye vikao vya familia ulisimama, ukasema maneno machache, ukaketi. Tulikuzoea hivyo.

Kazi yako kubwa ilikuwa Mbweni, kwa Mzee Muhsin na mkewe Bi Bahiya. Mzee Muhsin aliuza vitambaa tangu ujana wake. Alipowaachia watoto duka, alibaki na hamu moja: kuzisikiliza kanda za taarab zilizorekodiwa sebuleni kwao, kwenye harusi ya dada yake, mama yao angali hai. Alitaka kumsikia kila mtu pale alipokaa. Kanda zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Ulijenga, ukafunga mitambo, ukapima kwa kipaza sauti na kompyuta. Halafu ukamalizia kwa sikio, kama ulivyofanya siku zote. Ulisema kipimo kinamfikisha mtu mlangoni tu. Ukaridhika.

Mzee Muhsin hakuridhika.

“Apolinari, wallahi inanitoboa,” alisema. “Huku juu. Kali mno.”

Ulirudi ukapunguza kidogo. Akakupigia tena. Safari ya tatu Mama alifuatana nawe, maana Bi Bahiya alikuwa amefiwa na shangazi yake na Mama alitaka kumpa pole. Wakakaa pamoja wakati wewe unasikiliza. Mama alisikia kila “s” ya mwimbaji ikichachatika kama kitunguu kinapoingia kwenye mafuta. Bi Bahiya alifumba macho. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, unatabasamu.

Mlipokuwa kwenye pikapu mnarudi, Mama alikuuliza.

“Baba Gladness, ile sauti kali wewe unaionaje?”

“Ipi?”

“Anayoisema Mzee Muhsin. Ile ya kukaangwa.”

“Ipi, Mama Gladness?”

Mama aliangalia nje mpaka mlipopita Gongo la Mboto.

Gladness, binti yako, ni muuguzi. Ndiye aliyekushawishi ukapimwe masikio, na ndiye aliyekaa nawe siku hiyo. Daktari alikufungia kwenye chumba kidogo, akakuvisha spika za masikioni, akakuambia ubonyeze kitufe kila utakaposikia kitu. Alipokuonyesha majibu, mstari ulikwenda sawa, halafu ukaporomoka. Hukungoja maelezo. Mistari ya namna ile uliichora maisha yako yote, ukipima mitambo ya redio, kisha spika za watu.

“Hairudi?” uliuliza.

“Hairudi, mzee wangu. Ni umri, na hiyo kazi ya kuvaa spika masikioni miaka yote. Kuna vifaa vya kukusaidia kusikia watu.”

“Watu nawasikia,” ulisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Maongezi uliyasikia, ngoma uliisikia. Kilichopotea ni ule wembamba wa juu kabisa, na kwa kuwa ulipotea polepole, mwaka hadi mwaka uliongeza sauti ya juu ili uipate. Wengine ikawachoma. Wewe ulidhani hatimaye umeifikia ile sauti uliyokuwa ukiitafuta.

Ulimpigia Mzee Muhsin kesho yake. Tulikuwepo sebuleni, na simu uliiweka kwenye spika.

“Tafuta fundi mwingine,” ulimwambia. “Masikio yangu yamekwisha.”

“Fundi mwingine nimtoe wapi, Apolinari? Nyumba nzima nyaya zako. Bahiya hana pa kuweka hata stuli.”

“Nitakuja kuzitoa.”

“Usije kutoa kitu,” alisema Mzee Muhsin. “Ukija, uje kumaliza.”

Ulifunga karakana. Betri ziliachwa bila kuchajiwa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Ulikaa kwenye benchi la nje, ukang’oa majani ambayo hayakuhitaji kung’olewa. Rafiki yako Gaudens, mliyefanya naye kazi redioni, alikuja kukutazama. Mkazungumza mpira, mkamaliza, akaondoka. Daniel, mwanao wa kiume, alipiga simu kutoka Mwanza akitaka uende ukapumzike kwake. Ulisema hujachoka. Sisi tukawa tunakuambia habari za hali ya hewa.

Aliyevunja hali hiyo ni Mama. Alikuja na ufunguo wa karakana mkononi, asubuhi, ukiwa benchini.

“Inuka ukanifundishe nisikilize nini.”

“Utachoka wewe.”

“Mie nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Darasa zima likisoma kwa pamoja, namjua anayesoma na anayechezesha mdomo tu. Inuka.”

Uliinuka.

Tunachosema kuhusu majuma yaliyofuata tulikisikia kupitia dirishani. Ulizima amplifaya zote ukamwachia moja, ile ya sauti nyembamba, asikie jinsi ilivyo peke yake. Alisema ni kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Ukashusha kidogo. Akasema sasa ni kama mchele uliolowa, ongeza. Ukamwachia ya kati, ukamwachia nene, kisha ukaziunganisha na kumtaka aseme ni ipi inayomsukuma mwenzake. Hakujua majina ya kitaalamu na wewe hukumlazimisha. Ulijifunza ya kwake. “Kukaangwa” ukajua ni wapi, “mafua” ukajua ni wapi, “mtu ameziba mdomo kwa khanga” ukajua ni wapi.

Mligombana pia. Siku moja ulimwonyesha skrini.

“Angalia, mstari umenyooka. Kompyuta inasema sawa.”

“Basi kompyuta ndiyo ikakae sebuleni kwa Mzee Muhsin. Mie masikio yamechoka.”

“Yamechoka vipi?”

“Yanataka nitoke humu ndani.”

Uliushusha mstari upande wa kulia, mteremko mdogo tu, ukapiga wimbo uleule. Mama hakutoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba uurudie.

Mlirudi Mbweni siku ya Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, Gladness akiwa dereva. Mama alikaa kwenye kiti cha Mzee Muhsin na wewe ukapiga magoti nyuma ya mitambo. Alikuwa akinyanyua kidole, akishusha kidole. Ilipokaribia kukaa sawa, akanyanyua mkono mzima.

“Kuna filimbi.”

Mzee Muhsin hakuisikia. Bi Bahiya alisogea karibu na spika, akasema ipo, nyembamba sana, kama mbu aliye chumba cha pili. Wewe, Baba, ulikuwa kama mtu anayeambiwa habari za nchi asiyoweza tena kwenda. Lakini kichwa chako kilikuwa kizima. Ulifikiri, ukauliza swali moja: “Inakuja na kuondoka, au ipo tu?” Mama akasema ipo tu. Ukapapasa nyuma ya kabati, ukachomoa chaja ya betri.

“Imekata,” walisema Mama na Bi Bahiya kwa pamoja.

Ulikuwa umevilisha viboksi kwa betri ili visiguswe na umeme wa ukutani, halafu chaja ikaachwa imechomekwa wakati muziki unapiga. Uchafu uliingia kwa mlango wa nyuma. Ukafunga swichi ya kuikata chaja kila mtambo unapowashwa, na wakati unafunga ulikuwa unacheka peke yako. Gladness anasema alikuwa hajakusikia ukicheka tangu siku ya daktari.

Kisha ikapigwa ile harusi. Mzee Muhsin aliomba kiyoyozi kizimwe. Alisikiliza akiwa ameshika magoti yake. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, alikuwa upande wa kushoto, karibu na ukuta. Violini nyuma yake. Katikati ya wimbo mwanamke alipiga kigelegele mbali kidogo, kama aliyesimama kwenye mlango wa jikoni.

“Mama huyo,” alisema Mzee Muhsin. “Alisimama pale hakutaka kuja mbele.” Akafuta macho kwa kiganja. Wimbo ulipokwisha akauliza, “Sasa umefanya nini, Apolinari?”

Ulisimama. Tulijua jinsi ulivyokuwa mtu wa kujithamini katika kazi, na tulingoja.

“Kujenga nimejenga mie,” ulisema. “Masikio ni ya mke wangu Kokuberwa. Yangu yamekufa.”

Bi Bahiya alimletea Mama kahawa kabla yako. Ulilikubali hilo.

Tangu hapo mlifanya kazi wawili. Watu walipokuja, uliwaambia kwanza, kabla ya kueleza amplifaya wala betri, kwamba anayesikiliza ni mke wako. Wapo walioondoka. Wengi walibaki.

Kuhusu hospitali hatutaandika mengi. Figo zilichoka. Mama alikuwa nawe mchana wote. Alasiri moja ulimuuliza huko nje kuna nini.

“Mtu anasukuma kitanda. Gurudumu moja linalia.”

“Nene au nyembamba?”

“Nyembamba.”

“Hilo silipati. Endelea.”

Akaendelea. Beseni, kandambili za mtu mzito, nesi anayemtania mwenzake, kunguru juu ya bati. Ulisikiliza kila kimoja mpaka ukasinzia. Ulifariki asubuhi iliyofuata, Mama akiwa ameenda kuchukua maji ya moto. Amesema tuliandike hilo, asije mtu akadhani alikuwa amekushika mkono.

Baada ya maziko karakana ilifungwa tena. Gaudens alikuwa akija kuzichaji betri, hakuna aliyemwomba. Kisha Mzee Muhsin akapiga simu: amplifaya ya sauti nyembamba imezimika. Gaudens aliweza kubadilisha. Lakini baada ya kubadilisha lazima mtu asikilize.

“Mie ni mwalimu mstaafu,” Mama alimwambia Gladness. “Ile kazi ilikuwa ya baba yenu.”

Hata hivyo alivaa, akatoka.

Alikaa kwenye kile kiti. Gaudens alikuwa nyuma ya mitambo, na mkono wake si mwepesi kama wako, kwa hiyo ilichukua muda. Punguza. Umepitiliza, rudisha. Rudisha tena. Mama alifumba macho, akasikiliza, akayafumbua.

“Imekaa,” alisema.

Mzee Muhsin alikuzoea wewe. Alisitasita, akauliza kwa heshima, “Mwalimu, Apolinari naye angeikubali hii?”

“Apolinari hayupo, Mzee Muhsin,” alisema Mama. “Nasikia mie. Imekaa.”

Mzee Muhsin akamwambia Gaudens afunge kifuniko.

Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani Pugu Jumapili hii, na baada yake kutakuwa na chakula. Wote waliokufahamu wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo, Mwalimu Kokuberwa. Wanao Gladness na Daniel. Mjukuu wako Blessing. Rafiki yako Gaudens. Bi Mwamvita na majirani wa Pugu. Na familia ya Mzee Muhsin na Bi Bahiya wa Mbweni.

Hatutakusahau, Baba, maadamu tunaishi.