Koti la Baba Ghalib

Jumanne, 22 Aprili

Tumepata nyumba! Mama Ghalib ametupa funguo za nyumba yake ya zamani, ile ya mawe meusi nyuma ya soko, tuitumie kwa maonyesho yetu ya sanaa mwezi mzima. Yeye anakaa ghorofani ng'ambo ya barabara. Mutasim, mwenzangu wa chuo, alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Akajibu kwamba nyumba imekaa kimya miaka kumi na moja, heri sisi kuliko panya.

Tumefagia tangu adhuhuri. Mutasim anachonga mawe, vumbi kwake si kitu. Mimi nauza miwani, vumbi ni adui. Chumba cha nyuma tumekuta koti la mwanamume limetundikwa msumarini — la marehemu mumewe, Baba Ghalib. Nikalipiga picha kwa simu, sijui kwa nini. Mutasim alipolishusha, mkono mmoja ukabaki ukutani. Nondo walikuwa wamelimaliza. Tukasimama kama wezi. Mama Ghalib akatazama, akasema tu, "Litupeni." Tukatupa.

Jumamosi, 3 Mei

Nachora lile koti. Turubai kubwa, linanifika begani. Picha zangu nyingine sita ni za watu wanaojaribu miwani mbele ya kioo. Safi, zimepimwa vizuri, hazina uhai. Hii sijui nimeifanyaje. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mama yangu amechungulia mlangoni. "Koti tupu? Hata mtu ndani hukumtia?"

Jumapili, 11 Mei

Kubandika matangazo. Mwenye duka la viungo kakataa letu. Eti sanaa iko Amman, hapa Irbid watu wanataka kula. Hakutukosea adabu, alitupa hata lozi za kutafuna njiani. Lakini ndivyo wanavyosema wote. Tuliomaliza chuo pamoja tulikuwa kumi na tisa. Tuliobaki mji huu ni wawili, mimi na Mutasim.

Habari kubwa: Bi Lamis wa Amman anakuja Alhamisi. Anachagua wasanii wanane kwa maonyesho ya Julai. Mwisho wa umri ni miaka thelathini na mbili. Mimi ninayo thelathini na mbili, na Septemba naongeza. Sitaki kujifanya kwamba hainihusu. Nataka kuchaguliwa. Nataka sana.

Alhamisi, 15 Mei

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Tulifungua alasiri. Watu kama thelathini, nusu yao jamaa za Mutasim waliokuja kwa ajili ya biskuti. Bi Lamis alifika saa kumi na moja, viatu bapa, hana maneno. Picha za miwani akazipita kama anayetafuta namba ya nyumba. Mbele ya koti akasimama. Akakaa hapo. Kisha: "Hii. Hii tu. Gari litakuja kuichukua Jumatano." Akaandika jina langu kwenye daftari lake. Tahani, kwa herufi kubwa! Nikaenda uani nikacheka peke yangu.

Niliporudi, Mama Ghalib alikuwa amesimama palepale na majirani zake watatu. Hakuwa ameiona kabla. Kisha, "Mashallah. Nzuri mno hii, binti yangu."

Nami nikasema, "Ni yako, Mama Ghalib."

Ningesema nini kingine? Mtu akisifu mtandio wako, unamjibu, "Ni wako." Naye anasema umempendeza mwenyewe, mambo yanakwisha. Mama yangu amegawa bangili yake ya dhahabu kwa mtaa mzima tangu nikiwa mdogo, na bado anaivaa. Ulimi unasema wenyewe.

Mama Ghalib akaweka mkono kifuani. "Mungu akuzidishie. Nimepokea."

Nimepokea! Mutasim akapaliwa na biskuti. Majirani wakatazama sakafu. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akipokea.

Ijumaa, 16 Mei

Wanaume wawili wa duka la fanicha, wametumwa na Mama Ghalib, walikuja baada ya sala kuichukua picha. Mlango mwembamba. Nikawasaidia kuigeuza ipite. Mimi mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei

Nimempigia Bi Lamis nikamweleza. Akacheka sana. Akasema hata yeye bibi yake alipoteza zulia hivyo hivyo. Nikamwomba achukue za miwani. Akaacha kucheka. Za miwani ameziona, anataka koti. Mpango wa gari uko palepale, Jumatano saa tano. Kama koti halipo, nafasi anampa mwingine.

Mutasim ana hila. "Nenda kwake ukaisifu. Ukisema nzuri, itambidi aseme ni yako. Na wewe sema nimepokea! Dawa ya moto ni moto, dada."

"Huna haya."

"Haya nitakuwa nayo. Wewe Julai utakuwa Amman."

Mama yangu amesikia. Amesema nikimpokonya mjane zawadi nisipite tena mtaa ule nikiwa naye.

Jambo jingine la ajabu. Tangu Ijumaa, wanawake wa ghorofa la Mama Ghalib wanakwenda kwake kuiona picha, kisha wanavuka barabara kuja kutazama zilizobaki. Jana nimehesabu arobaini na watatu! Wanabishana mbele ya mawe ya Mutasim. Mmoja kamwambia jiwe lake lina uso wa shemeji yake, na si sifa. Leo mwenye duka la viungo naye kaja. Akauliza lile koti liko wapi, alitaka kuliona hapa. Nikamwonyesha ng'ambo kwa kidole.

Jumatano, 21 Mei

Saa tano kasoro dakika chache. Naandika haya sebuleni kwa Mama Ghalib, daftari gotini, yeye yuko jikoni.

Nilikuja na hila ya Mutasim mdomoni. Ngazi zote nilipanda nikijizoeza: nzuri, Mama Ghalib, nzuri mno. Akafungua, akanikalisha. Picha iko ukutani mbele ya dirisha. Kuzunguka msumari kuna matundu matano ya kukosea nyundo. Alipigilia mwenyewe.

Nikasahau hila. Nuru ya dirisha inaingia kwa ubavu, ukosi wa koti umeinuka kama wa mtu aliyetoka kulivua sasa hivi. Kwenye maonyesho haikuwa hivi. Nikasema, "Imependeza hapa." Wallahi nilisema kweli. Sikuwa naomba.

Akanitazama. "Siku ile ulisema kwa adabu tu. Najua. Mimi si mtoto."

Nikatazama matundu ya ukutani.

"Miaka sabini na moja naambiwa ni yako, ni yako, narudisha. Vitambaa, vyungu, hata mbuzi. Siku ile sikuweza kurudisha. Lile koti nilikwambieni mlitupe, nikajua nimekosa kabla hamjafika jalalani." Akainuka kwa kushika kiti. "Sasa wewe umeisifu. Basi ni yako, binti yangu. Ngoja nilete kahawa."

Hakusema kwa mdomo tu. Au alisema kwa mdomo tu. Sijui! Akirudi na kahawa atangoja jibu langu, na majibu ni mawili tu: nimepokea, au imekupendeza mwenyewe.

Simu: Mutasim. Gari limefika, liko chini, dereva ana blanketi la kuifungia. Nimeigeuza simu kifudifudi.

Harufu ya iliki. Nasikia anapanga vikombe kwenye sinia.

Picha imekaa upande kidogo, kulia iko chini. Nimeinuka nikainyoosha. Nimerudi kukaa. Bado kidogo — nimeinuka tena