Kichwa Nje, Mkia Zizini

Alhamisi, 5 Julai

Baridi imekaza. Bomba la uani liliganda tena. Nikalimwagia maji moto, likakohoa, likatema kipande cha barafu, kisha maji. Ushindi wa kwanza wa siku, hata chai sijanywa.

Kazi nilizopanga zote zimekwisha. Mikasi ya manyoya nimeinoa na kuipaka mafuta, ingawa kondoo hawatakatwa mpaka joto lirudi. Plau nimeikwangua kutu, nikaipaka oili chafu. Dizeli nimeitia mafuta ya taa kidogo isigande kwenye chujio. Betri ya trekta iko ndani karibu na jiko, imefunikwa blanketi kuukuu. Mama mkwe anasema nimeipa mahali pazuri kuliko alipolazwa yeye siku alipoolewa.

Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa mashine ya kusaga kule mjini Maputsoe. Alizoea kusema injini haiuawi na kazi, inauawa na mapumziko.

Limebaki moja tu — kuyamwaga maji ya injini yasigande usiku. Hilo si langu. Trekta inalala zizini, na kwa mila yetu mke wa mtoto hakanyagi zizi la baba mkwe wake. Mzee aliuza maksai wake ili ainunue, na tangu siku hiyo msimamo wake ni mmoja: kinacholima mahali pa maksai kitalala mahali pa maksai. Ameiegesha ubavu wa kushoto umekaribia kabisa ukuta wa mawe. Ng'ombe wanajikuna kwenye tairi.

Kwa hiyo kila jioni nasimama nje ya ukuta na kusema, "Baba, koki ni mbili. Moja chini ya rejeta, moja ubavuni mwa injini."

Naye hujibu, "Nimesikia, mama Lineo."

Kisha nasikia maji yanamwagika. Kuona, sioni.

Ijumaa, 6 Julai

Theluji. Ilianza asubuhi, nyembamba kama unga unaochekechwa. Sasa imefika kizingiti cha mlango.

Shemeji Pheello bado yuko juu kwenye kambi ya malisho, peke yake na kondoo wetu wote. Wenzake walishuka wiki iliyopita. Baba mkwe ndiye aliyempelekea neno akae kidogo, nyasi bado zipo. Leo mzee ametoka kutazama mlima mara nyingi mno. Mlima hauonekani.

Mama mkwe alipika papa, ugali wetu wa mahindi, akaweka sahani ya Pheello mezani kama kawaida, kisha akaiondoa.

Jumapili, 8 Julai

Imekoma. Jua kali, weupe unaoumiza macho. Simu ya Pheello haipatikani. Mume wangu Monyane amepiga kutoka mgodini, sauti ya chini. Anajua kama sisi tunavyojua: kondoo waliofungiwa na theluji hawali mawe. Wakianza kutafunana manyoya, basi. Na Pheello hatawaacha ashuke. Hilo ndilo linalotutisha zaidi. Hana akili hiyo ya kuwaacha.

Majani makavu tunayo, marobota yamejaa ghalani. Punda hawawezi kupita theluji ile wakiwa na mzigo. Trekta na tela vinaweza. Baba mkwe akaichukua betri, akaingia zizini. Nikasimama ukutani nikisikiliza.

Akatia maji kwenye rejeta. Nikayasikia yakimwagika upande wangu — upande wa ukuta. Nikainama, nikachungulia kati ya mawe. Maji yanatiririka ubavuni mwa injini, na chini, juu ya samadi, kuna kibati cha mviringo mfano wa kifuniko cha chupa.

"Baba, acha kutia maji. Usiiwashe."

"Kuna nini?"

"Maji ya ubavuni yaliganda. Yamekisukuma kizibo nje."

"Koki niliifungua. Maji yakatoka mpaka yakaisha."

"Ile ya pili je, baba?"

"Ya pili iko upande wa ukuta. Mkono haufiki. Nilifungua hii, maji yakakoma, nikajua yamekwisha."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu na kikapu cha samadi kavu ya kuni. "Mzee, tangu lini ng'ombe akakamuliwa chuchu moja ikakauka, ukasema ng'ombe hana maziwa?"

Mzee akatoka kwa upande wa pili, akaenda kukaa kwenye jiwe lake, blanketi mpaka puani.

Mimi nilikuwa nimechekelea moyoni na nikaona haya kuchekelea. Lakini baba yangu alinionyesha jambo hili nikiwa msichana: kizibo kikiruka, mara nyingi chuma kimesalimika. Barafu imepata mlango. Injini bado inaweza kuwa nzima! Sikumwambia mtu. Kwanza nione kwa macho.

Jumatatu, 9 Julai

Asubuhi nilimwambia mama mkwe amwambie mzee: naweza kuitengeneza, ila lazima nifike pale ubavuni.

Jibu likarudi kwa mdomo wa mama mkwe: zizini hapana.

Nikasema, basi waikokote nje. Tairi za nyuma zimegandiana na samadi kama zimejengewa saruji. Ng'ombe wawili walifungwa, wakavuta, mnyororo ukakatika. Khoarai, jirani yetu mwenye pikapu, alikuja kutazama. Pikapu yake haivuki hata mto wakati huu, ila mdomo wake unavuka kila kitu.

"Mama Lineo, itibu kutoka hapo hapo. Mganga mzuri hahitaji kumgusa mgonjwa."

"Na jirani mzuri hahitaji kuambiwa anyamaze," nikamjibu. Alicheka, lakini akachukua sepetu akasaidia.

Mzee mwenyewe alijaribu. Alilala kifudifudi, akapenyeza mkono kati ya tairi na ukuta, nami nikimwelekeza kupitia matundu ya mawe. Juu kidogo, baba. Kulia. Hapo hapo. Vidole vyake vilifika, lakini vidole pekee havioni. Alipoutoa mkono ulikuwa unatoka damu. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. Hakuogopa damu. Alikuwa akiutazama mlima.

Mchana akasimama mbele ya ukuta, upande wangu. Ule ukuta ulijengwa na babu yake. Hakuniangalia. Akaweka mikono kwenye jiwe la juu kabisa, akalitikisa, akalitoa. Akaliweka chini taratibu kama yai. Akatoa la pili.

"Unafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Mkwe haingii zizini," alisema. "Hajakatazwa kusimama nje."

Tukaelewa. Khoarai naye akaanza kupokea mawe. Walibomoa mpaka wakabakiza safu moja ya chini, kimo cha goti. Hiyo mzee hakuruhusu iguswe. Alisema ukuta ungalipo.

Na ubavu wa injini ukawa mbele yangu, wazi, kama duka lililofunguliwa. Nimesimama nje ya zizi la baba mkwe, miguu yote miwili kwenye theluji, na mikono yangu ndani ya trekta.

Nimepapasa chuma chote kwa kitambaa na mwanga wa tochi. Sijaona ufa. Ila ufa mwingine ni mwembamba kuliko unywele, na maji yanaujua kuliko jicho.

Jumanne, 10 Julai

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu nataka kuikumbuka siku hii.

Kizibo cha zamani kimepinda, hakifai. Hapa hakuna duka la vipuri, na barabara ya kwenda mjini imefungwa. Nikatafuta kwenye kopo la misumari: bolti moja nene, nati yake, washa mbili pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati. Moja ilizidi tundu la injini, nikaisugua kwa tupa ikaingia kwa kubana. Nikakata viduara vya mpira kutoka tyubu ya baiskeli ya Monyane (atanisamehe), nikavipanga kati ya washa kama vitumbua. Ukiingiza tunduni na kukaza nati, mpira unabanwa mbele na nyuma, hauna pa kwenda, unatanuka pembeni. Tundu linazibika.

Kukaza kulikuwa kazi. Vidole vilikufa ganzi, spana ikaanguka ndani, upande wa zizi, chini ya injini. Nikaitazama. Iko hatua moja tu. Mzee alikuwa amesimama palepale kati ya ng'ombe. Akainama na mgongo wake mbovu, akaiokota, akanipa juu ya ile safu ya mawe. Ikaanguka tena! Akaiokota tena.

"Shika kama unashika mume," mama mkwe akasema.

"Mume wangu hana oili, mama."

Mzee alikohoa. Nadhani kilikuwa kicheko.

Kisha koki ya pili — nikaifungua kwa mkono wangu mwenyewe, nikaizibua kwa waya, ikatoa barafu iliyobaki na tope. Nikaifunga. Mama mkwe akaleta beseni la makaa ya samadi, mzee akalisukuma chini ya injini ili oili ilainike. Tukasubiri. Watu walikuwa wamejaa sasa, wamejifunika mablanketi, kila mmoja na ushauri wake. Khoarai alikuwa anawaeleza namna alivyogundua tatizo.

Maji ya vuguvugu kwenye rejeta, kidogo kidogo. Nikapiga magoti, uso karibu na chuma. Hapa ndipo. Kama kuna ufa, utalia machozi.

Tone moja likatokea chini ya nati. Nikakaza. Likakoma.

Nikapangusa, nikasubiri, nikapangusa tena. Kitambaa kikavu. Kikavu!

"Baba, washa."

Ilizunguka kivivu, ikakataa. Ikazunguka, ikapiga chafya ya moshi mweupe. Mara ya tatu ikashika — ikatetemeka, ikanguruma, ng'ombe wakakimbilia kona, na mama mkwe akapiga vigelegele vilivyorudishwa na mlima wa pili. Nikaweka kiganja kwenye chuma. Kinapata joto. Kimelala siku zote hizi kimekufa na sasa kinapata joto chini ya mkono wangu.

Mzee alishuka, akaja mpaka kwenye safu ya mawe. "Baba yako," akasema, "alikuwa na mashine ya kusaga tu?"

"Ya kusaga tu, baba."

"Hm." Akaenda kufunga tela.

Jumatano, 11 Julai

Naandika juu ya usukani. Mkono unatetemeka kwa sababu injini inatetemeka, nami siizimi kwa lolote.

Tumetoka alfajiri, injini ikazing'oa tairi kwenye samadi kwa nguvu zake yenyewe. Mzee usukanini, mimi juu ya marobota. Mto tumeuvuka, barafu ikavunjika kama vioo chini ya tairi. Joto la injini sawa. Kizibo kikavu, nimekitazama kila tuliposimama. Kijiji chote kilitusindikiza mpaka kanisani. Khoarai alitembea mbele kama yeye ndiye aliyetualika.

Kwenye kona ya pili ya mlima mzee alisimamisha trekta. Macho yake yana ukungu, na kwa weupe huu hatofautishi barabara na korongo. Nilidhani atasema turudi.

Akashuka. Akachukua mtaimbo kutoka kwenye tela.

"Zizi tumeliacha nyuma," akasema. "Hii ni barabara ya mfalme. Panda."

"Baba, mimi nimeendesha shambani kwetu tu, zamani."

"Na mimi koki nilifungua moja tu. Panda."

Nimepanda. Tangu hapo anatembea mbele, anachoma theluji kwa mtaimbo akitafuta ukingo, nami namfuata polepole, tairi juu ya nyayo zake. Kila akipata ardhi imara anasimama, ananingoja. Sasa amesimama kupumzika, ameegemea chuma, pumzi zinamtoka kama moshi wa injini.

Kutoka hapa kambi inaonekana. Paa limezama nusu. Kutoka kwenye paa unapanda uzi wa moshi, mwembamba, umenyooka. Pheello yupo. Mzee hauoni. Nimemwelekeza kwa kidole, akatazama pale nilipoonyesha, akauliza, "Moshi mmoja?"

"Mmoja, baba. Umenyooka."

Amevua kofia. Ameirudisha.

Kondoo sijui. Zizi la kule limefunikwa, ni kilima cheupe tu, hakuna kinachotembea. Upepo unakuja kwetu na haujaleta sauti yoyote bado.

Ameinua mkono wa kushoto — ukingo uko kushoto. Natia gia ya kwanza.