Mama Mkwe Amefuta Mbuzi Wangu Wote

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana sijui nicheke au nilie, na mke wangu ameshanikataza yote mawili. Mimi ni fundi wa friji na ugonjwa wangu ni vitabu vya yule mchoraji wa katuni anayejulikana kila kona, ninavyo vyote, na kila akija mjini napanga foleni anisainie, na yeye, Shangazi, husaini kwa penseli ileile anayochorea, kisha pembeni anachora mbuzi anayetafuna mkia wa saini yake, na hakuna mbuzi wawili wanaofanana, mmoja wangu alikuwa amevaa miwani! Sasa mama mkwe, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, amekuja kukaa nasi, na wiki iliyopita nimerudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni na raba mkononi, uso unang'aa, ananiambia, "Sijui ni mtoto gani amekuchorea mbuzi vitabuni, lakini usijali, nimewafuta wote."

Wote, Shangazi! Hata mwenye miwani! Na kila kitabu amekivalisha jalada la khaki, na pale pale palipokuwa na saini, ambayo nayo ameifuta, ameandika kwa wino, kwa mwandiko wa ubaoni, "Hiki ni kitabu cha mwanangu." Mimi huyu, ambaye tangu harusi ananiita fundi, hata mezani humuuliza mke wangu, "Fundi ameshiba?" Nikasema ahsante mama, nikakimbilia chooni kucheka hadi machozi yakanitoka.

Kimebaki kitabu kimoja tu ambacho hakukiona, nimekificha ndani ya friji mbovu ya mteja, na yeye kila asubuhi ananiuliza, "Hakuna kingine nikusafishie?" Jumamosi mchoraji anakuja tena kwenye duka la vitabu, nataka anisainie upya, je, nizichane hizo kurasa kimyakimya au nimwambie mama ukweli? Mke wangu anasema nikifungua mdomo tu, nitarudi kuwa fundi maisha yangu yote.

Ni mimi, Fundi wa Mbuzi.

MSHAURI ANAJIBU:

Marahaba, Fundi. Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini na mhariri bado anajifuta machozi. Pole kwa mbuzi, hasa huyo wa miwani.

Pole imeisha, sasa nikuseme. Uchane kurasa? Thubutu! Umesimama foleni miaka yote kwa ajili ya jina la mtu asiyekujua, halafu mama anayeulizia shibe yako kila siku anakuandikia mwanangu, wewe unawaza kuchana? Shika adabu yako.

Na mkeo naye amekosea. Mwalimu wa darasa la kwanza ameona makosa makubwa kuliko haya, asichovumilia ni kufichwa. Mwambie leo baada ya chakula, ukicheka kama ulivyocheka chooni. Atashtuka, huenda akalia kidogo. Mpe chai, usimpe hotuba. Kitabu kitoe kwenye friji na mteja arudishiwe mali yake.

Jumamosi nendeni wote foleni, yeye atangulie. Mkague mkoba kabla hamjatoka, raba ibaki nyumbani. Mchoraji asaini chini ya maneno ya mama, na mbuzi wake atafune chochote anachotaka ukurasani, ila hilo neno "mwanangu" asiliguse.