Mahamri ya Getini

Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwa Dada Rukia, Majengo, Mombasa.

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, mdogo haanzi neno na mkubwa wake bila shikamoo, hata kama ana donge rohoni. Nalo donge ninalo. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba? Na Shemeji Salim, yuko palepale bandarini? Sisi huku tu wazima. Mtoto mchanga ameota meno mawili ya chini na ananing'ata vibaya. Baba yake bado anashona viatu pale barazani. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haijatulia, na utajua kwa nini.

Barua hii amekuletea Mama Hidaya, jirani yangu wa chumba cha pili. Ni mmoja wa wale wanaopita njia za panya kuja kwenu kufuata sabuni na mafuta ya nywele tangu mpaka ufungwe. Humjui, lakini mahamri yako ameshayala. Hivi unavyosoma amesimama mlangoni kwako. Mkaribishe akae, mpe maji, ametoka mbali. Wala usikatize kusoma ukajifanya una chungu motoni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana kwa barua, dada? Ukiniandikia mkate na siagi, nakujibu kwa zahanati ambayo haijanidai hata senti tangu niolewe huku. Ukiniandikia maziwa ya pakiti, nakujibu kodi ya chumba, kwamba mwenye nyumba wetu ni bibi mmoja anayeweza kungoja hata miezi miwili na bado akakugawia mchuzi. Nikakuambia mtaani kwetu hakuna mtoto anayebaki nyumbani asubuhi, kwamba balozi wa nyumba kumi anagonga milango na kuuliza huyu mbona hajaenda shule. Ukanicheka. Uliniandikia, "Mwanaidi, shule haipakwi kwenye mkate." Nilicheka na mimi, nikawasomea wenzangu uwani.

Basi ukafika mwaka ule nikawa sina la kukujibu. Tuliambiwa tufunge mikanda, tukaifunga mpaka ikaisha matundu. Sukari ikapotea kabisa. Nguo tukawa tunafulia majani ya mpapai. Unga ulikuwa wa njano, una harufu ya gunia. Likisikika duka la ushirika limeletewa kitu, tunawahi foleni alfajiri, na mwenye udhuru anaacha jiwe mahali pake, anakwenda zake na kurudi. Langu lilikuwa kipande cha tofali, wote wanalijua, hakuna aliyethubutu kulisogeza. Watu hao hawakunizaa wala hatujanyonya ziwa moja, na tofali langu walilitunza. Nami nilikuwa na mimba changa, na Saumu wangu amekonda shingo mpaka shanga zinamzunguka.

Hapo ndipo ulipoandika nikuletee mtoto. Maneno yako ninayo kichwani: "Kwani mimi si mama yake mkubwa? Atakula, atasoma, na sukari ikirudi huko utamchukua." Bakari alikataa. Alisema mtoto haondolewi kwao kwa ajili ya chai. Tuligombana, dada, mume wangu nami, hata bibi mwenye nyumba akaja kutuamua. Nilimwambia Bakari kwamba Rukia si mtu baki, kwetu mama mkubwa ni mama, mtoto hahesabu kwamba amehama. Mwishowe akamchukua mwenyewe hadi Tanga, na Mjomba Athumani akampokea na kumvusha. Saumu alinipungia mkono dirishani mwa basi, mdomo umejaa karanga.

Halafu zikaanza barua zako. Saumu ameandikishwa shule. Saumu kashonewa sare, gauni la kijani lenye kola nyeupe. Saumu anakunywa maziwa ya shule kila siku, mashavu yamemjaa. Mwalimu anamsifu kwa hesabu. Nilizisoma uwani kwa sauti, na wanawake wote wa nyumba hii wamemjua mwanangu wa gauni la kijani. Kuna mmoja alikuwa akinitania kwamba sisi watu wa Kenya ni manyang'au, twala wenzetu wabichi. Nikamtolea barua yako. Nikamwambia, tazama, huyu ndiye nyang'au wangu, analea mwanangu bure. Siku ileile aliniomba radhi.

Juzi Mama Hidaya amerudi safari. Nilikuwa uwani nachambua dagaa. Akatua mzigo wake, akaniambia, "Mwanaidi, nimemwona Saumu."

"Wapi?"

"Shuleni."

Nikapiga kigelegele, dagaa wakamwagika. Yeye hakucheka. Akasema, "Getini, Mwanaidi. Nje ya geti. Anauza mahamri."

Nilimwambia itakuwa ni likizo. Akaniuliza likizo gani yenye kengele? Aliona kwa macho yake wenzake wakitoka mapumziko na pakiti zao za maziwa, wakanunua kwa Saumu kupitia kwenye uzio, kengele ikalia wakarudi darasani. Yeye akabaki na sinia lake, anafukuza nzi. Nikauliza sare, gauni la kijani. "Kijani kipi? Ana lile gauni lake la maua, pindo limeachiwa lote na bado halifiki magotini." Pindo hilo nililikunja mimi, nikaliacha pana ili akikua limfae.

Anasema Saumu alipomwona aliacha sinia chini, akamkumbatia kiunoni. Mama Hidaya akamuuliza, "Mbona huko ndani huingii?" Akajibu, "Mama mkubwa asema shule ni ya watoto wa hapa. Mimi ni mgeni, nitasoma nikirudi kwetu." Akamuuliza kama anauza kila siku. Akasema Jumamosi na Jumapili hauzi pale, siku hizo huuza stendi. Kisha Saumu akamuuliza swali moja tu.

"Mama Hidaya, sukari imerudi?"

Mama Hidaya hakujua maana yake. Alidhani mtoto anaulizia habari za nyumbani kama mtu mzima. Akamjibu bado, mwanangu. Saumu akasema, "Haya." Akamfungia mahamri kwenye gazeti, akakataa hela.

Mahamri yaliyobaki Mama Hidaya aliniletea. Yamekauka kama jiwe, lakini nimeyajua kwa iliki, ni mkono wa mama yetu ule aliotufundisha sote wawili. Nimeshindwa kuyala na nimeshindwa kuyatupa.

Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Walisema wahenga nikadhani wanasema wengine. Ungemtuma maji nisingesema kitu. Ungemfagiza, ungemkoshesha sufuria, ungemkanya hata kwa kofi, mtoto ni wako, hutumwa na hukanywa. Hata mahamri, angeuza jioni akitoka shule, mbona sisi tuliuza? Mama alitubebesha sinia baada ya chuo cha Kurani, hakutubebesha badala ya chuo. Lakini wewe umekwenda kumsimamisha mwanangu palepale getini, awatazame wenzake wakiingia! Biashara ni nzuri pale, najua, watoto wana njaa wakitoka. Umepiga hesabu yako vizuri sana.

Na lile gauni la kijani ulilitoa wapi? Ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ulikaa kitako, ukashika kalamu, ukalifikiria mpaka kola yake. Ungesema umeshindwa, kwamba huko shule ina hela za jengo na hela za dawati, ningekuelewa. Ningekuambia mrudishe. Huku sisemi ni peponi. Shule yetu wanakaa sakafuni, kitabu kimoja wanachungulia vichwa sita, na mwalimu naye anapanga foleni ya unga kama sisi. Lakini hakuna aliyeambiwa abaki nje. Jana balozi amenipeleka kwa mwalimu mkuu, nikamweleza huku nalia, na yule bwana alisema maneno mafupi tu, mlete hata kesho.

Miaka yote nimeona haya kwa umaskini wa huku, dada. Ukiniuliza habari nafichaficha, najisifia zahanati. Leo nakuambia bila kuficha, huku sabuni hatuna, sukari hatuna, na mwanangu angekuwa anasoma.

Bakari hakuniambia "nilikuambia". Ningependa angesema, nimpigie kelele, nipoe. Alimwomba tu Mama Hidaya amwonyeshe kwa kiganja mguu wa Saumu umefika wapi, akaenda barazani akakata ngozi. Anashona viatu vyeusi vya shule. Amevifanya vikubwa kidogo, asema kipimo cha kiganja hakiaminiki.

Sasa sikiliza, nakuomba kwa jina la maziwa tuliyonyonya. Mkabidhi Saumu kwa huyu aliyekuletea barua. Mjomba Athumani atawasindikiza mpaka njiani, nimemwandikia na yeye. Mimi nitakuwa Tanga kwa shangazi yake Bakari, na mtoto mgongoni, nawangoja. Usifunge mzigo wowote. Najua utataka kunitilia sukari na sabuni ili roho yako itulie. Nikiiona hata chembe nitaimwaga barabarani, na unajua sisemi mzaha, tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote.

Mshike mama miguu kwa niaba yangu. Mwambie mwanawe wa Dar anamwombea. Sijui kama anajua, dada. Naomba Mungu awe hajui, awe naye amedanganywa kama mimi, maana nikiambiwa alikuwa akimwona mjukuu wake akitoka na sinia asubuhi, sitajua tena pa kurudi. Msalimie Shemeji Salim, ingawa na yeye macho anayo. Msalimie bibi muuza udi wa jirani, aliyenifunga kanga ya harusi. Wewe mwenyewe sina salamu zako leo. Zikija, nitakuandikia.

Saumu akikuuliza kama sukari imerudi, usimdanganye tena. Mwambie haijarudi. Mwambie mama yake amesema arudi hivyo hivyo.

Ni mimi,
Mama Saumu.